Kisanduku cha Ukingoni

Mjukuu wangu aliteremka Masasi na maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na kila utingo aliyetaka kuyarusha juu ya gari la Newala aliambiwa, "Taratibu kaka, vyombo vya chuo hivyo." Nilikuwa nimeshuka kumpokea. Mama yake, mwanangu wa mwisho, alikuwa na siku kumi na saba kaburini. Msichana alifika jioni ya siku ya pili baada ya maziko, akakuta kaburi limeshafukiwa; akakaa siku tatu, akarudi Dar es Salaam kuchukua kazi yake ya masomo aje aifanyie nyumbani. Sasa amekuja nayo. Hatukulia pale stendi. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, tukahesabu mizigo, tukala muhogo wa kuchoma tumesimama. Aliyetuona alidhani tunatoka sokoni.

Mimi wakati ule nilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya. Unauona ni wako, unaukanyagia, unakwenda, lakini huusikii. Niliamka, nilisali, nilipika, nilifagia uwanja. Mtu akiniuliza nimelalaje, nilijibu salama. Sikuwa nasema uongo, maana hata ubaya sikuusikia.

Nimeishia darasa la nne, tena hilo la nne nililimaliza mtu mzima, kwenye kisomo cha jioni, na mtoto mgongoni. Mjukuu wangu huyu amesoma mpaka mahali ambapo wanaume wa Makote kwetu hawajui hata kupataja. Alisomeshwa na mikorosho hii hapa. Miaka ile ya soko huria ushirika ulikuwa hoi, salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, tuliambiwa kila mtu ajinunulie dukani, na wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na maneno yao. Kuna waliokata mikorosho wakachoma mkaa. Mimi sikukata hata tawi. Nilimwambia mwanangu, mtoto huyu atasoma, akasema sawa mama, tukapuliza salfa sisi wenyewe, tukakohoa mwaka hadi mwaka.

Tulipofika nyumbani alifungua maboksi barazani. Vilikuwa visanduku ishirini na vinne, kila kimoja ukubwa wa nusu mche wa sabuni, juu kioo cheusi cha kunywa jua, pembeni waya mfupi kama mkia wa panya. Jirani yangu, mwanamke ninayechota naye maji tangu tukiwa wari, alikuja mbio kuona.

"Redio?" akauliza.

"Siyo redio, bibi. Ni vipima hali ya mahali. Vinatengenezwa ili siku moja vipelekwe sayari nyingine."

"Vitapanda basi gani?"

Mjukuu wangu alicheka kidogo kwa heshima, akamweleza, nami nilikuwa nachambua mchele nikasikia yote. Kwamba kuna dunia nyingine huko juu, nyekundu, baridi, yenye vumbi na haina mtu. Wenye elimu wanataka kutawanya vyombo vidogo kama hivi juu ya ardhi yake, vipime joto na upepo na unyevu wa udongo. Lakini huko nani atakwenda kubadilisha betri? Kwa hiyo kisanduku kinafundishwa kulala. Kinaamka kidogo tu, kinapima, kinamnong'oneza jirani yake, kinalala tena. Jirani anampa jirani, hivyo hivyo, mpaka neno lifike kwenye kisanduku kikubwa, nacho kinaliandika kwenye kompyuta.

"Kwa nini wasipige kelele mara moja wote wasikie?" jirani akauliza.

"Kelele inakula betri, bibi. Mnong'ono hauli."

"Na huko juu hasa wanatafuta nini?"

"Vingi. Kimojawapo maji."

Jirani alijipiga paja. "Maji! Waambie waanzie Newala! Sisi tunateremka ukingo huu na ndoo tangu enzi za Mjerumani, hakuna aliyetutafutia!"

Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mwalimu wake wa chuo ndiye aliyemuuliza, je, kwenu kuna mahali penye udongo mwekundu, pakavu, pa mteremko mkali, na baridi ya kutosha? Akamjibu, "Mwalimu, hapo umetaja kwetu." Na ni kweli. Mwezi wa saba kwetu ukungu unapanda kutoka bondeni mpaka huoni mkorosho ulio mbele yako, na mchana vumbi linaingia hata ndani ya sanduku la nguo. Halafu aliniambia jambo lenyewe, bila kunizungusha. Mwalimu atakuja na mgeni mwingine mwisho wa mwezi wa nane. Wakikuta visanduku viko hai na vinasema, yeye anakwenda nje kusoma miaka mitatu, na visanduku vitakavyofuata vitatoka mikononi mwake. Wakikuta vimekufa, basi, atafute shule akafundishe hesabu.

"Kufundisha hesabu ni vibaya?" nikamuuliza.

"Siyo vibaya, Bibi. Ila mimi nataka hivi."

Hivi ndivyo mama yake alivyokuwa akisema alipotaka kitu. Nikaondoka nikaenda kuangalia moto.

Tulivipanga pamoja. Kumi na viwili chini ya mikorosho yangu. Kumi na kimoja kwenye mteremko, kando ya njia ya maji, mpaka karibu na kijito. Tatizo lilikuwa ukingo. Pale uwanda unapokatika kama umekatwa kwa panga, cha chini hakikisikii cha juu. Kwa hiyo kimoja, chenye kioo kikubwa kuliko wenzake, alikifunga juu ya mti alioukita palepale ukingoni, hatua chache kutoka uani kwangu. Vyote vya chini vilipitia hapo. Nikamwambia, huyu ndiye mwenye kazi. Akasema ndiyo, Bibi, huyu akinyamaza bonde lote limenyamaza.

Watu walisema yao. Kwamba msichana anapima mashamba yauzwe kwa matajiri. Kwamba anatafuta madini. Mmoja alisema ni vya kunyonya mvua, tukiukosa mpunga tujue ni nani. Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo, maana vumbi la salfa likitulia juu yake kisanduku hakioni jua. Kila asubuhi nilipita na pindo la kanga, mkorosho hadi mkorosho, kumi na viwili, halafu cha ukingoni. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu wa hali yangu. Haikuniuliza kitu.

Ikafika arobaini ya mwanangu. Shehe alikuja, kisomo kikasomwa, ubwabwa ukapikwa kwenye masufuria ya kuazima. Na watani wakaja. Kwetu msiba bila watani ni mkutano tu. Ukoo wa marehemu mume wangu na ukoo fulani wa Lulindi ni watani tangu kwa mababu, na mkubwa wao siku zile alikuwa mwanamke wa rika langu, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, mdomo kama honi ya lori. Siku ya maziko alikuwa ameshuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu wote walicheka, hata shehe aligeuka pembeni. Mimi sikucheka, na jambo hilo aliondoka nalo.

Siku ya arobaini alikuja amevaa kanga ya mwanangu, sijui aliitoa wapi ndani ya nyumba yangu, akaigiza ninavyotembea, akaigiza ninavyokohoa salfa. Uwanja mzima ulikuwa chini kwa kicheko. Akaja kusimama mbele ya mkeka wangu.

"Wewe kikongwe! Aliyekufa ni mwanao au ni wewe? Maana kama ni wewe tulete jembe, udongo bado ni laini."

Nilimtazama.

"Haya, basi mimi napora!"

Ndiyo haki yake. Mtani anachukua kitu cha msibani, mwenye msiba anamkimbiza, anamtukana, anamtupia kuku, wanavutana mpaka kila mtu machozi yanamtoka kwa kucheka, kitu kinarudi. Ndivyo inavyokuwa. Alitazama huku na huku, akaona kile kisanduku juu ya mti wake ukingoni, kinang'aa. Akakivuta, akakifunga kwenye pindo la kanga ya mwanangu, akageuka kunitazama kama nitasimama.

Sikusimama.

Alingoja. Nakumbuka vizuri alivyongoja, mkono mmoja kiunoni, mdomo uko tayari kunijibu. Mimi nilikaa na bakuli langu la ubwabwa mapajani. Nilijua kile ni kisanduku gani. Nilijua kazi yake kuliko mtu yeyote pale isipokuwa mwenyewe mjukuu wangu, na yeye alikuwa jikoni anapakua. Nilitakiwa kusema neno moja. Halikuja. Yule mwanamke akashusha mkono, akaondoka na wenzake polepole, na mara mbili aligeuka nyuma.

Siku mbili zilizofuata mjukuu wangu alisugua masufuria ya watu na kuyarudisha. Wageni wa kulala walikuwa bado hawajaondoka. Siku ya tatu alifungua kompyuta yake, na nikaona mabega yanashuka. Vya shambani vilikuwa vinasema. Vya bondeni, kimya, tangu mchana wa arobaini. Alitoka mbio hadi ukingoni akaukuta mti mtupu.

"Bibi! Kisanduku cha ukingoni! Hukumwona mtu hapa?"

"Sikumwona."

Hilo ndilo nililosema. Miaka yote hii nimejaribu kulitafutia sababu nzuri na sijaipata. Sikumwogopa mtani. Sikutaka kumkomoa msichana. Ilikuwa tu kwamba kusema "nimemwona" kungeleta maswali, na maswali yangetaka majibu, na mimi sikuwa na nguvu za kubeba hata jibu moja.

Alichukua kisanduku kimoja cha shambani akakikita pale mahali pa kile kilichopotea. Kati ya kumi na kimoja vya bondeni, viwili ndivyo vilivyojibu. Vingine vilikuwa vimekufa. Aliteremka akavikusanya, akavipanga kwenye mkeka, akavitazama kama mtu anayetazama vifaranga vilivyokumbwa na kideri. Akaenda kwa jirani kuuliza wajukuu zake, maana hao ndio waliokuwa wakivichezea. Kwa jirani kukawaka.

"Wajukuu zangu wanakula mabati? Eti? Mmeleta mashetani yenu ya umeme, yakiwakimbia mnakuja kwangu?"

"Nauliza tu, bibi."

"Usiniulize! Muulize bibi yako, anashinda hapo ukingoni kama kigingi!"

Nilisikia nikiwa uani. Jirani aliacha kuja kuomba moto, aliacha kunipitia twende maji. Sikufanya kitu.

Siku zikaenda. Msichana aliacha kula vizuri. Alijaribu kunieleza, labda kwa sababu hakuwa na mwingine. Betri alizozinunua zilikuwa za rahisi, pengine ndizo mbovu, na kama ni betri, mwalimu atamwelewa. Lakini pengine kosa ni lake mwenyewe, katika jinsi alivyovifundisha visanduku, na kama ni hivyo ni lazima alijue kosa lenyewe kabla ya wageni kufika, aweze kulitengeneza. Kile cha ukingoni kina kumbukumbu ndani. Kila kilichosemwa na vya bondeni mpaka dakika ya mwisho kimo mle. Bila hicho anapapasa gizani. Na zilikuwa zimebaki siku kumi.

Tulikuwa tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, yeye na mimi, sufuria katikati. Nikasema, "Kiko Lulindi."

Kisu chake kikasimama. "Nini kiko Lulindi?"

"Kisanduku chako. Mtani alikichukua siku ya arobaini. Nilimwona."

Niliendelea kumenya.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku nane, Bibi."

"Siku nane."

Nilingoja anitukane. Mtoto wa siku hizi, msomi, angeweza. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu, ameshika kuku wangu mwekundu miguu juu.

"Twende, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo nilivyozoea kumwita mimi, tangu mdogo, kwa utani wa bibi na mjukuu. Kutoka kwake siku ile neno halikuwa na utani wowote.

Tulipanda gari la mizigo lililokuwa likirudi tupu, likatushusha njia panda, tukatembea. Lulindi ni chini ya uwanda, joto, mikorosho yao mikubwa kuliko yetu, na kengele ya kanisa inasikika mbali. Yule mwanamke tulimkuta anaanika makopa ya muhogo. Alipotuona hakushangaa. Alitandika mkeka, akaleta maji, akakaa.

"Mmekuja kununua nini?"

Mjukuu wangu akamsogezea kuku kwa mikono miwili. "Shikamoo bibi. Tumekuja kukomboa."

"Marahaba. Kuku wako mzuri, mrudishe bandani kwenu. Mimi sikumpora kuku, nilipora msiba. Huyu bibi yako anitukane."

"Bibi, mimi nitakutukana."

"Wewe mtoto. Halihesabiwi." Akanigeukia. "Nakusikiliza."

Tukakaa. Naweza kusema kweli kwamba sijawahi kutafuta kitu kwa bidii kama nilivyotafuta tusi siku ile. Mimi! Niliyekwenda msibani kwa huyu mwanamke, mumewe alipokufa, nikalala juu ya kitanda chake nikataka nipikiwe. Mjukuu wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Makopa yalikuwa yamefunikwa na inzi.

Mwisho nikasema, "Ile kanga ya mwanangu haikukuenea. Matako yako yalibaki nje kama mabuyu mawili."

Sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

Alinitazama sana. "Hilo ni tusi la mgonjwa wa homa," akasema. "Lakini limetoka." Akainuka akaingia ndani. Hakucheka. Nilimsikia akipenga kamasi.

Alirudi na kisanduku, amekifuta. "Kina taa nyekundu ndani yake. Siku ya kwanza kilipepesa, kilipepesa, hakipumziki, nikasema, tazama, hata chombo chao kinanisema kuliko wao. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu kimya. Nikakionea huruma, nikakiweka dirishani kwenye jua." Kanga ya mwanangu alikuwa ameikunja, imefuliwa. Hiyo nayo akanipa, bila neno, na kuku tukamwachia hivyo hivyo, akipiga kelele kwamba hamtaki.

Njiani mjukuu wangu alikibeba kile kisanduku mkononi, si mfukoni. Tulifika jua bado liko juu. Akakiunganisha na kompyuta, akasoma, akasoma tena, akakaa chini kwenye sakafu.

"Siyo betri," akasema.

"Ni nini?"

"Ni mimi. Nilivifundisha kwamba kisanduku kikimwita jirani yake na kisijibiwe, kiite tena. Kisipojibiwa, kiite haraka zaidi. Sikuvifundisha kuacha. Hiki kilipoondolewa, vya bondeni vilikiita. Vimeita usiku na mchana, Bibi. Vilikuwa na chakula cha mwezi mzima, vimekimaliza siku mbili kwa kuita. Na hiki chenyewe kule Lulindi kilikuwa kinaviita vile. Vyote vilivyokufa vimekufa kwa kuita."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akauliza bila kunitazama, "Siku ile ya mama, mlinipigia mara ngapi?"

Makote kwetu simu zilikuwa hazijafika wakati ule. Minara ilikuwa imeanza Newala mjini, na kulikuwa na kijana mwenye kibanda, unalipia, anakupigia. Nilimweleza kama ilivyokuwa. "Alianza asubuhi na mapema. Nilikuwa nimesimama palepale. Alipiga mpaka simu ikaisha chaji, akaichomeka, akapiga tena. Saa nane shehe akasema maiti hawezi kungoja zaidi."

"Nilikuwa kwenye mtihani. Nilikuwa nimezima."

"Najua."

"Nilipowasha hapakuwa na mtu anayeita."

"Tulikuwa tunazika."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu ya nguo za kufua. Nikaenda kuwasha moto. Hatukuzungumza tena jambo hilo siku ile, na siku zilizofuata tulikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvifundisha upya. Alikaa na kompyuta yake barazani, kisanduku kimoja kimoja, huku betri zilizokufa akizirudishia uhai polepole kwa jua. Mimi nilivipanga kwenye ungo, kando ya makopa yangu, nikavigeuza jua lilivyozunguka. Alinieleza somo jipya. Kisanduku kitaita mara tatu. Kisipojibiwa kitalala, kisha kiite mara moja tu. Kisipojibiwa kitalala muda mrefu zaidi. Na hivyo hivyo, kila safari usingizi mrefu kuliko wa kwanza, sauti kidogo kuliko ya kwanza.

"Mwisho si kitalala moja kwa moja?"

"Hapana. Sikio kinaacha wazi kidogo. Yule aliyepotea akirudi, ataanza yeye kuita."

"Na asiporudi?"

"Basi kitabaki kinapima, kinajiwekea. Angalau hakijafa."

Jioni moja nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia, wajukuu zako hawakuchukua kitu, mwizi nilimwona mwenyewe nikanyamaza. Hakuacha kutwanga.

"Nilijua," akasema. "Wangechukua wao, mngerudishiwa vipande."

Kesho yake alinipitia twende maji.

Siku moja kabla ya wageni nilimwambia mjukuu wangu, "Wakikuuliza zile siku zilizo tupu, sema ngedere. Ngedere wapo, kila mtu anawajua, hakuna atakayebisha." Nilikuwa naona aibu: yangu, ya nyumba yetu, hata ya yule mtani. Nilitaka wageni waondoke wakijua sisi ni watu. Akainuka akaenda kufuta vioo.

Mwalimu alikuja na gari jeupe lililogeuka jekundu, pamoja na mgeni mwanamke, Mzungu, mwenye kofia kubwa. Mwalimu alinipa shikamoo vizuri, mtu wa bara lakini ana adabu. Walikaa barazani na kompyuta, wakaziona zile siku tupu mara moja.

"Hapa palitokea nini?" mwalimu akauliza.

Mjukuu wangu akasema yote. Watani, arobaini, Lulindi. Kwamba vilikufa kwa kuita, na kosa lilikuwa lake. Yule mgeni alitafsiriwa, akaandika, akatafsiriwa tena. Mwalimu akanigeukia.

"Ni kweli, mama?"

Ngedere walikuwa palepale kwenye ulimi wangu. "Ni kweli," nikasema. "Nilikaa hapo, anakichukua namwona."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Mwanangu alikuwa amekufa."

Aliinamisha kichwa, akaacha kuniuliza.

Ndipo msichana akasimama, akaenda ukingoni, akakivuta kisanduku mbele ya macho yao, akaniletea. "Kaa nacho, Bibi, mpaka kesho asubuhi. Kisisikike." Nikakitia ndani ya sufuria, nikafunika, maana alishanifundisha kwamba sauti yao haipiti bati. Wageni wakaenda kulala Newala mjini. Mjukuu wangu alikula, akalala mapema. Hakusema anaogopa. Sufuria nililiweka karibu na kichwa changu.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba gari lao tulilisikia kabla ya kuliona. Alikirudisha kisanduku juu ya mti. Akakaa na kompyuta kwenye kiti, wao wamesimama nyuma yake, mimi pembeni na birika la chai. Mwalimu alitazama saa. Yule mgeni alivuta kofia. Nilimtazama mjukuu wangu shingoni, mahali ambapo mshipa hupiga, na ulikuwa unapiga sana.

"Cha kwanza," akasema.

Halafu hapakuwa na kitu, kwa muda wa kumimina vikombe vitatu. Halafu cha pili na cha tatu pamoja. Halafu vikaja vimefuatana, na kila kimoja kilileta vipimo kilivyojiwekea peke yake mchana kutwa na usiku kucha, hakikutupa hata tone. Vilifika tisa. Cha kumi kilijibu tumeshaanza kunywa chai. Cha kumi na moja hakikujibu. Tuliteremka tukakikuta mchwa wamekijengea juu ya kioo, udongo mtupu.

"Huko tutakakovipeleka hakuna mchwa," mwalimu akasema, akamtafsiria mgeni, mgeni akacheka. Kisha akampa mjukuu wangu mkono. "Jiandae kusafiri."

Nilimtazama yeye, naye akanitazama mimi. Nilingoja furaha ije kama watu wanavyoisema, ije na machozi. Nilichosikia ni magoti kuuma.

Baadaye, wameondoka, akaniuliza, "Bibi, nisiende?"

"Nenda."

"Utabaki na nani?"

"Na hiyo mikorosho iliyokupeleka. Usiniulize maswali ya kijinga, vyombo havijaoshwa."

Alivikusanya visanduku vyote, hata kile cha mchwa, akaondoka kabla korosho hazijaanza kuanguka. Nilimsindikiza mpaka Newala. Basi la Masasi lilipoondoka sikulia, na wanawake waliokuwa pale wakanitazama kwa jicho la kusema huyu bibi ana moyo wa jiwe. Nikavuka barabara nikaingia duka la salfa. Muuzaji ananijua miaka yote.

"Mjukuu kaenda wapi na mizigo yote ile?" akauliza.

Nikaweka mfuko chini. Nikamwambia kaenda nje kutengeneza vyombo vya sayari. Akasema vyombo gani. Nikamweleza. Nikaanza na dunia ile nyekundu isiyo na mtu wala betri, nikaja kwenye kulala na kuamka, kwenye mnong'ono wa jirani kwa jirani, kwenye ukingo wetu, na kwamba kila kisanduku kule bondeni alikifundisha yeye, mwana wa mwanangu, mikono yake ile ile iliyopuliza salfa. Miezi miwili mizima sikuwa nimesema maneno mengi kiasi kile. Nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga mpaka nje, na mmoja akasema, "Bibi, nunua salfa yako twende, jua linapanda."

Nikamwambia asubiri, sijamaliza.